Mtambo na Mhasibu

Kompyuta ya kwanza duniani kukabidhiwa kazi ya kudumu ya kibiashara haikufungwa benki wala wizarani. Ilifungwa Cadby Hall, magharibi mwa London, makao ya J. Lyons & Co., kampuni iliyokuwa ikioka mikate na keki na kuuza chai katika migahawa yake zaidi ya 200. Iliitwa LEO. Ilikuwa na vali za kielektroniki karibu 6,000, ilijaza ukumbi mzima, na mwishoni mwa Novemba 1951 ilipewa kazi ya kukokotoa, kila wiki, thamani ya mikate, keki na pai zilizotoka kwenye tanuri za kampuni.

Kazi hiyo ndiyo mada ya mhadhara huu. Kilichotoka tanurini ni habari ya kiwandani: trei ngapi, za aina gani, zimepelekwa wapi. Thamani yake ni habari ya ofisini: gharama, bei, faida. Wakuu wa Lyons, akiwamo mwanahisabati John Simmons aliyesimamia taratibu zao za kiofisi, walijua kwamba kampuni inayouza vitu vya bei ndogo kwa mamilioni haiwezi kungoja hadi mwisho wa mwezi ndipo ijue kama keki fulani inaleta faida au inakula mtaji. Walituma watu wawili Marekani mwaka 1947 kutazama zana za ofisi. Huko wakaelezwa kwamba kompyuta inajengwa karibu na kwao, Chuo Kikuu cha Cambridge. Waliporudi, kampuni ya keki ikachangia fedha na fundi katika mradi wa Cambridge, kisha ikajijengea kompyuta yake yenyewe.

Lililo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1954. Kila mgahawa wa Lyons ulikuwa na oda yake ya kudumu kwa kila siku ya juma. Kila siku msimamizi wa mgahawa alizungumza kwa simu na makao makuu na kutaja mabadiliko tu: kesho keki hizi zipunguzwe, mikate ile iongezwe. Karani aliyepokea simu alitoboa kadi hapo hapo huku anasikiliza. Kadi zikaingia kwenye LEO, na kabla ya mapambazuko zikatoka karatasi za mwokaji zinazosema aoke nini, za mpakiaji zinazosema apange nini, ratiba za magari, ankara, na hesabu ya gharama. Badiliko lilitajwa mara moja tu, na mwenye kulijua. Likamfikia mwokaji, mpakiaji, dereva na mhasibu bila mtu yeyote kulinakili tena.

Miaka 70 imepita. Viwanda vingi, vya Afrika Mashariki na vya kwingineko, bado havijafika pale walipokuwa waoka mikate wale. Mashine zao ni mpya, kompyuta zao zina nguvu ambazo wahandisi wa LEO wasingeweza kuziota, lakini kilo ile ile inaandikwa mara tatu au nne na watu tofauti, na mwisho wa mwezi kila mmoja ana jibu lake.

Chanzo chake kiko katika historia. Baada ya LEO, kompyuta za kiwandani na za ofisini zilikua katika nyumba mbili zisizotembeleana. Mwaka 1968 kitengo cha Hydramatic cha General Motors, kilichotengeneza giaboksi, kilikuwa kimechoshwa na makabati ya rilei yaliyodai kufumuliwa nyaya upya kila gari lilipobadilishwa muundo. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates wakawaundia Modicon 084, kifaa kinachobadilishwa kwa programu badala ya bisibisi. Vizazi vya kifaa hicho ndivyo vinavyoongoza leo karibu kila mashine ya kujaza chupa, kufunga saruji na kukausha chai. Hakuna kitu kinachojua zaidi yake yanayotendeka kwenye mashine. Lakini kinatazama kwa sehemu za sekunde, kinatenda, kisha kinasahau.

Upande wa pili, Joseph Orlicky na wenzake wa miaka ya 1960 waliunda utaratibu wa kukokotoa malighafi kwa kuanzia kwenye oda: ukitaka matrekta 100 mwezi wa sita, agiza chuma lini na boliti ngapi. Mwaka 1972 wahandisi watano waliotoka IBM ya Ujerumani wakaanzisha kampuni ya SAP. Inafaa kukumbuka kwamba mteja wao wa kwanza hakuwa benki, bali kiwanda cha nyuzi za nailoni cha ICI mjini Östringen. Hata hivyo programu za aina hiyo zilipokua, zilihamia kwa wahasibu, zikazoea mwendo wa wahasibu: siku, mwezi, mwaka wa fedha.

Katikati ya nyumba hizo mbili akasimama mtu mwenye kalamu.

Karatasi ya zamu inajulikana na kila aliyewahi kufanya kazi kiwandani. Imebanwa kwenye kibao, ina alama za vidole vyenye grisi, na sehemu kubwa yake hujazwa na opareta nusu saa ya mwisho, wakati wenzake wameshaanza kunawa mikono. Saa 3 hadi saa 3 na nusu, mashine ilisimama: umeme. Saa 5 hadi saa 5 na robo: mkanda. Msomaji makini ataona jambo: nyakati zote zimeishia kwenye robo, nusu au saa kamili. Mashine haijui robo saa. Imesimama dakika 7, ikasimama tena 2, ikaenda mwendo wa kinyonga kwa dakika 40, na yote hayo yamekusanywa kuwa robo moja inayosomeka vizuri. Karatasi hiyo hulala kwenye dawati la msimamizi, kesho yake karani huingiza tarakimu kwenye jedwali la kompyuta, na baada ya siku kadhaa mtu wa hesabu huzinakili kwenye mfumo wa kampuni. Hakuna aliyesema uongo. Ukweli umepungua njiani.

Hasara yake inaonekana ukipiga hesabu. Tuchukue laini ya kujaza maji yenye uwezo wa chupa 100 kwa dakika, na zamu ya saa 8, yaani dakika 480. Laini ikisimama jumla ya dakika 60, imefanya kazi asilimia 87.5 ya muda wake. Katika dakika 420 zilizobaki ingepaswa kujaza chupa 42,000, lakini imejaza 35,700, yaani asilimia 85 ya mwendo wake. Kati ya hizo, 34,986 ndizo zilizopita ukaguzi, asilimia 98. Zidisha tarakimu hizo tatu utapata asilimia 73 hivi. Kipimo hiki cha ufanisi wa jumla wa mtambo kilienezwa na Mjapani Seiichi Nakajima, na viwanda vingi duniani vimeifanya asilimia 85 kuwa shabaha.

Utamu wa kipimo hicho uko katika swali la nani anaona nini. Fundi anaona dakika 60, kwa sababu ndiye aliyeitwa. Mkaguzi wa ubora anaona chupa 714 zilizokataliwa, kwa sababu ziko mbele yake. Mhasibu anaona chupa 34,986 zilizoingia ghalani, na huenda akaridhika nazo. Chupa 6,300 zilizopotea kwa mwendo wa polepole hazionwi na yeyote. Hazikuharibika, hazikuvunjika, mashine haikuzimika. Ni kizibo kilichokwama kwa sekunde 20, chupa iliyoanguka ikainuliwa, mara mia na zaidi kwa zamu. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika mfano huu, na haina mahali pake kwenye karatasi ya zamu. Kaunta ndogo iliyounganishwa na laini, inayoandika saa na dakika ya kila chupa inayopita, inaiona siku ya kwanza.

Kuunganisha hesabu hiyo na ofisi kuna kanuni zake, na si lazima kila kiwanda kizibuni upya. Mwaka 2000 jumuiya ya wahandisi wa vipimo na uongozaji mitambo yenye makao Marekani, ISA, ilitoa sehemu ya kwanza ya kiwango kinachoitwa ISA-95, kilichotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Theodore Williams wa Chuo Kikuu cha Purdue. Katika kiwango hicho kiwanda kimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya sifuri ni kazi yenyewe: maji yanachemka, chupa inajaa. Ya kwanza ni vihisi na vali. Ya pili ni vifaa vinavyoongoza mashine. Ya nne ni ofisi yenye oda, manunuzi na mizania. Ngazi ya tatu ndiyo iliyosahauliwa kwa miaka mingi: uendeshaji wa saa kwa saa, nani yuko zamu, fungu gani liko kwenye mashine gani, ubora umepimwa vipi.

Kiwango hicho hakimwambii mtu anunue programu ya nani. Kinawataka watu wakubaliane ni habari zipi zinavuka mpaka kati ya kiwanda na ofisi, nazo ni za namna nne. Pande zote zikubaliane bidhaa inatengenezwaje na kwa malighafi gani. Kiwanda kiseme leo kina uwezo gani. Ofisi iseme inataka nini na lini. Kisha kiwanda kijibu kilichofanyika kweli. Tatu za kwanza zinaweza kumalizwa mezani. Ya nne inadai kuteremka kiwandani, na ndiyo inayovunja miradi mingi, kwa sababu inafichua kwamba stoo na karakana hazitumii jina moja kwa kitu kimoja, wala kizio kimoja: huku wanahesabu katoni, kule kilo, kwingine mifuko.

Upande wa nyaya na mitandao, mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani. Tangu mwaka 1996 kuna itifaki ya OPC inayowezesha mashine za watengenezaji mbalimbali kusomwa kwa lugha moja. Mwaka 1999 Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper walibuni MQTT, njia ya kutuma ujumbe mfupi mno, kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa jangwani na kutegemea setilaiti za gharama kubwa. Kilichobuniwa kwa ajili ya jangwa kinafaa sana mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka: kifaa kinaweza kuwekwa kitunze hesabu zake mtandao ukikatika, kisha kizitume ukirudi. Anayesema kwamba umeme na intaneti zetu haziruhusu kazi hii anapaswa kutazama upya.

Tena ushahidi uko nyumbani, kwenye chai ya Kenya. Shirika la KTDA, lililoanzishwa mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kubinafsishwa mwaka 2000, linasimamia viwanda takriban 70 vya wakulima wadogo zaidi ya 600,000. Zamani karani wa kituo cha kununulia majani alitundika mfuko kwenye mizani ya springi, akasoma mshale, akaandika kwa mkono. Mkulima na karani walibishana juu ya nusu kilo, na daftari likafika kiwandani likiwa limelowa mvua. Siku hizi mfuko unatundikwa kwenye mizani ya kielektroniki, namba ya mkulima inaingizwa kwenye kifaa cha mkononi, uzito wa mfuko mtupu unaondolewa, stakabadhi ndogo inachapwa pale pale. Uzito ule ule unakwenda kwenye hesabu ya kiwanda, na ndio unaotumika kumlipa mkulima malipo yake ya mwezi. Ni jambo la LEO kabisa: kilo imepimwa mara moja mbele ya mwenyewe, na kila idara inatumia kilo hiyo.

Upande wa pili wa mnyororo pia kuna mwanga. Mnada wa chai wa Mombasa ulihamia kwenye mfumo wa kielektroniki mwaka 2020. Kila fungu linaloingia mnadani lina jina la kiwanda, daraja, idadi ya mifuko, kilo, na baada ya mauzo lina bei yake kwa dola.

Kati ya ncha hizo mbili majani hukaa kiwandani siku moja hivi, na siku hiyo ndiyo inayoamua bei. Jani bichi, ambalo zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, hunyaushwa kwa saa nyingi juu ya mabirika marefu yenye feni chini yake. Kisha hupita kwenye roli za meno zinazolisaga, kulirarua na kulikunja. Huachwa lichachuke kwa saa moja au zaidi kidogo, rangi ikigeuka kutoka kijani hadi shaba. Hukaushwa kwa hewa moto hadi unyevu ubaki kama asilimia 3. Hatimaye huchekechwa kuwa madaraja ya BP1, PF1, PD na mengineyo. Likinyaushwa kupita kiasi, au likichelewa dakika chache kwenye uchachukaji, mwonjaji wa Mombasa atalijua kwa funda moja.

Sasa swali la tija. Kwa kawaida kilo 100 za jani bichi hutoa kilo 22 au 23 za chai kavu. Kiwanda kinachopokea kilo 50,000 kwa siku kitapata kilo 11,500 kwa asilimia 23, na kilo 11,000 kwa asilimia 22. Kilo 500 kwa siku zimekwenda wapi? Huenda majani yalipokelewa yakiwa na maji ya mvua, na kiwanda kimenunua maji. Huenda yalipungua uzito kati ya kituo na geti. Huenda vumbi limepotea kwenye uchekechaji, au kikaushio kimekausha kuliko inavyotakiwa, na kila asilimia ya unyevu iliyozidi kuondolewa ni uzito ambao ungeuzwa, pamoja na kuni zilizochomwa bure. Kila mojawapo ina dawa yake, na dawa hazifanani. Bila kuunganisha mizani ya getini, unyevu wa jani, joto la kikaushio na mizani ya mwisho katika rekodi ya fungu moja, meneja anabaki kulaumu wachumaji kwa kila kitu.

Na kuna hatua ya mbali zaidi, ambayo thamani yake haijapewa uzito unaostahili. Bei ya fungu ikirudi kutoka Mombasa na kukaa kwenye rekodi ile ile yenye saa za kunyausha, dakika za uchachukaji na joto la kikaushio, kiwanda kinaweza kujiuliza swali ambalo wazee wa kazi waliweza kulijibu kwa hisia tu: tulifanya nini siku ile tuliyopata bei nzuri? Fundi mwenye miaka 30 kazini ana jibu puani na vidoleni mwake. Rekodi iliyounganishwa inamsaidia kulirithisha kabla hajastaafu. Bonasi ya mkulima inakokotolewa kutokana na mauzo ya mwaka mzima, kwa hiyo senti chache za dola kwa kilo zinafika hadi kwenye karo ya mtoto Kericho au Nyeri.

Pamoja na hayo, yako mambo ambayo hayatatuliwi na kifaa chochote. Mfano wake mzuri ni Toyota. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wa kufuma nguo uliojizima wenyewe uzi ulipokatika. Mtambo ulitoa habari kwa kusimama, na mfanyakazi mmoja akaweza kuangalia mitambo mingi. Wazo hilo lilihamia kwenye magari. Mfanyakazi wa laini akiona kasoro huvuta kamba, taa huwaka, kiongozi wa kikundi huja, na kasoro isipotatuliwa kwa wakati laini husimama. Taiichi Ohno akaongeza kadi za kanbani: kila boksi la vipuri lina kadi yenye jina la kipuri, idadi, kinakotoka na kinakokwenda. Boksi likianza kutumika, kadi inarudi nyuma na kuwa oda ya boksi jingine. Habari ya kiwandani na agizo la manunuzi vilikuwa karatasi moja, bila kompyuta yoyote. Ohno mwenyewe aliandika akitahadharisha juu ya habari zinazozidi mahitaji ya mtu anayefanya kazi.

Nguvu ya kamba ile haiko kwenye kamba. Iko kwenye yanayompata aliyeivuta. Akikaripiwa, kesho hataivuta, na kasoro itakwenda hadi kwa mnunuzi. Ndivyo ilivyo kwa kila kihisi na kila skrini ya kiwandani. Opareta akijua kwamba dakika zake za kusimama zitasomwa kwenye kikao kama mashtaka, atachagua sababu ya kusimama isiyomgusa mtu, ataandika umeme. Baada ya miezi sita kampuni itakuwa na jedwali zuri linaloonyesha kwamba adui wake mkuu ni shirika la umeme, na itanunua jenereta ambayo haitaleta mabadiliko. Data iliyopatikana kwa woga ni ghali kuliko kukosa data, kwa sababu inaaminiwa.

Haraka nayo ina gharama. Kampuni ya Hershey ya Marekani iliwasha mifumo yake mipya ya oda, maghala na mipango Julai 1999, yote kwa pamoja, wakati maduka yanaanza kujiandaa kwa msimu wa peremende. Oda zenye thamani ya dola milioni 100 hivi zikashindwa kufika, ingawa peremende zilikuwepo. Faida ya robo ile ya mwaka ilishuka kwa asilimia 19. Kiwanda kilikuwa kinazalisha vizuri. Mfumo ndio haukujua.

Halafu kuna suala la kutegemea. Mifumo ikishaunganishwa, kuanguka kwa mmoja kunaangusha mwingine. Tarehe 29 Agosti 2023 Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya kuunganishia magari nchini Japani. Si tetemeko wala wadukuzi. Siku mbili kabla, wakati wa matengenezo, diski za seva zinazoshughulikia oda za vipuri zilijaa, na kwa kuwa seva za akiba zilikuwa katika mfumo ule ule, nazo zikakwama. Kampuni iliyofundisha dunia kutengeneza bila akiba ya ziada ghalani ilipungukiwa nafasi kwenye diski. Miaka minne kabla, Machi 2019, kampuni ya aluminiamu ya Norsk Hydro ya Norwei ilishambuliwa kwa programu ya kuteka kompyuta. Haikulipa fidia. Baadhi ya viwanda vyake viliendelea kwa mkono, kwa oda zilizochapwa kwenye karatasi, na wastaafu waliokumbuka namna ya zamani wakarudi kusaidia. Kwa hiyo mpango wa kuunganisha uwe na sura yake ya kutengana: mtandao wa mashine utenganishwe na wa ofisi kwa mlango unaolindwa, na watu wafanye mazoezi ya kuendesha laini siku ofisi imezimika.

Katika Afrika Mashariki kuna jambo moja linalopaswa kuwaamsha wenye viwanda. Kenya ilianza mwaka 2013 kufuatilia bidhaa zinazotozwa ushuru kwa stempu za kielektroniki, ikianza na tumbaku, mvinyo na pombe kali. Tanzania ilianza Januari 2019 kwa sigara na vileo, na Uganda ikafuata baadaye mwaka huo huo. Chini ya mfumo huo vifaa huwekwa kwenye laini yenyewe, huhesabu chupa na pakiti zinapopita, na kupeleka hesabu kwa mamlaka ya mapato. Wenye viwanda walijadiliana kwa muda mrefu na serikali kuhusu gharama za stempu, na walikuwa na haki ya kujadili. Ila wapo ambao hadi leo ofisi yao ya mauzo inangoja karatasi ya zamu ili ijue kilichozalishwa jana, wakati mtoza ushuru ameshakijua. Laini imeunganishwa tayari. Aliyebaki nje ni mwenye mali.

Kazi hii haidai mradi wa mabilioni. Mwenye kiwanda aanze na mashine moja, ile ambayo nyingine zote huingoja. Aweke kaunta inayoandika saa ya kila kipande, na orodha fupi ya sababu za kusimama, kumi zinatosha, iliyotungwa na mafundi na maopareta wenyewe kwa maneno yao. Matokeo yaonyeshwe kwanza pale kwenye laini, kwa waliofanya kazi, kabla hayajapanda kwa mkurugenzi. Stoo, karakana na uhasibu wakubaliane jina moja na kizio kimoja kwa kila bidhaa. Hilo pekee litachukua wiki kadhaa za mabishano, na mabishano hayo ni sehemu ya kazi. Hesabu ya laini ikilingana na ya ghala kwa mwezi mzima, ndipo iunganishwe na mfumo wa ofisi, na karatasi ya zamu iondolewe siku hiyo hiyo. Ikiachwa iendelee sambamba, watu watarudi kwenye karatasi.

Na vyuo vina deni. Anayesomea umeme wa viwandani Arusha, Thika au Mwanza anaweza kuhitimu bila kujua gharama ya bidhaa inakokotolewaje, na mwenzake wa uhasibu akahitimu bila kuwahi kusimama mbele ya mashine inayofanya kazi. Wawekwe pamoja kwa muhula mmoja, kwenye laini moja halisi, wapewe zoezi moja la pamoja: waeleze, kwa shilingi, dakika zilizopotea wiki hii zimekwenda wapi.